Mbao Nyeusi, Zulia Gani?

Safu yetu ya Mambo ya Nyumbani inajibu swali moja tu katika toleo hili, kwa sababu linatuhusu sote. Wanachama wanne wa chama chetu wamepanga nyumba ya zamani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka maktaba. Sebule yake ni kubwa kuliko tulivyozoea wanafunzi, ila imejaa mbao nyeusi: mlango, fremu za madirisha, mbao zinazozunguka ukuta kwa chini, rafu mbili kandokando ya meko ya kuotea moto, na ukingo mpana wa sakafu. Wenye sebule wamekubali mikutano yetu ya Alhamisi ifanyike humo. Wanachama 22 wamechanga pauni 150 za zulia. Swali ni moja: tununue lipi?

Huenda msomaji akaona ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Kila mwaka wanakuja wenzetu wapya wanaoelewa kila neno la bibi zao, lakini wakijibu wanajibu Kiingereza kwa kuogopa kuchekwa. Wapange kwenye viti vya safu, watakaa kama darasani wakisubiri kuulizwa. Waketishe chini kuzunguka sinia, baada ya dakika chache mmoja ataomba pilipili, mwingine atauliza nani kamaliza kachumbari, na Kiswahili kitakuwa kimeshaanza bila mtu kukitangaza. Basi zulia hili ndilo litakalokuwa baraza yetu, na pesa ni za watu. Lazima tuchague vizuri.

Kwanza, jina lake

Katika kundi letu la simu ubishi ulianzia kwenye maneno kabla ya kufika kwenye rangi. Waliolelewa na wazazi wa Nairobi waliandika "kapeti". Wa Unguja, na wale ambao jamaa zao wako Muscat, waliandika "zulia". Mmoja ambaye bibi yake ni Mpemba akaleta "busati". Yote ni sahihi. Zulia limetoka Kiarabu, na hadi leo watu wa Ghuba wanalo neno linalokaribiana nalo sana. Busati nalo ni la Kiarabu, na kapeti ni la Kiingereza. Jamvi na mkeka ni vya kusukwa kwa majani, na jamvi limezoeleka kiasi kwamba mkutano ukiisha tunasema tumekunja jamvi. Hapa tutatumia "zulia" kwa kinachofumwa kwa nyuzi na "mkeka" kwa kinachosukwa kwa majani, tusije tukachanganyana dukani.

Sakafu yenyewe inakuonyesha

Katika nyumba nyingi za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, zulia halikutandikwa ukuta hadi ukuta. Liliwekwa moja katikati ya chumba, na mbao zilizobaki pembeni zikapakwa rangi ya giza. Ndiyo maana leo ukiling'oa zulia la kisasa lililogongomelewa, mara nyingi chini yake unakuta ukingo mweusi kuzunguka chumba chote na katikati mbao tupu zisizopakwa chochote. Sebule ya wenzetu iko hivyo hivyo. Ukingo mweusi una upana wa sentimita 60, na eneo la katikati ni mita 2.3 kwa 2.9. Zulia la sentimita 240 kwa 300 linafunika mbao tupu na kuuingia ukingo kidogo tu kila upande. Aliyeijenga nyumba alishatupimia.

Kama sakafu yako haina alama kama hiyo, acha sentimita 30 hadi 45 za mbao zionekane pande zote. Miguu ya mbele ya kochi ikanyage zulia, na miguu ya nyuma ibaki nje. Kosa la wengi ni kununua dogo kwa sababu ni rahisi. Zulia dogo katikati ya sakafu nyeusi huonekana kama kisiwa, na watu wanne wakishakaa, wa tano hana pa kukaa. Kabla ya kulipa, tandaza magazeti kwa ukubwa unaoutaka, yabane kwa selotepu, kisha mketi juu yake kweli. Sisi tulifanya hivyo, na watu 12 wakaenea na masinia mawili katikati.

Rangi

Mbao nyeusi si rangi moja. Shika karatasi nyeupe, iweke juu ya mbao mchana karibu na dirisha, utaona. Mahogani huwa na wekundu ndani yake. Mwaloni uliopakwa rangi huelekea kahawia, wakati mwingine hadi weusi kabisa. Mbao zenye wekundu hazipatani na zulia jekundu tupu, kwa sababu kila kimoja kinamfifisha mwenzake. Hizo zipe buluu, kijani kilichokolea, au rangi ya maziwa yenye nakshi nyekundu kidogo. Mbao za kahawia zinapenda rangi za joto: nyekundu ya matofali, manjano ya bizari, rangi ya mchanga. Mbao za wenzetu ni za kundi hili la pili.

Halafu kuna suala la mwanga. Mwezi wa Desemba hata London haipati saa nane kamili za mchana, na huku kwetu kaskazini ni pungufu zaidi. Mikutano yetu ni ya jioni, na mbao nyeusi zinameza mwanga wa taa. Ukiongeza zulia jeusi au la kahawia, sebule inageuka pango. Ukikimbilia jeupe kabisa, subiri kikombe cha kwanza cha chai ya maziwa. Linalofaa ni la katikati: ardhi yake iwe nyepesi kuliko mbao na nzito kuliko ukuta, na nakshi zake ziwe na uzi mmoja unaofanana na mbao. Uzi huo ndio unaoliunganisha zulia na chumba. Nakshi nazo zinaficha madoa, na tunaokula pilau tunajua thamani ya jambo hilo.

Hili wazee wetu walilijua zamani. Tazama nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe. Boriti za dari ni nyeusi, milango ya msaji iliyochongwa ni ya giza, na kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa mpingo ni cheusi kama usiku. Hakuna aliyehangaika kuufuta weusi huo. Kilichofanywa ni kuuzunguka kwa wepesi: kuta zimepakwa chokaa nyeupe, zidaka zimepangwa vyombo vya kauri, na chini imetandikwa mikeka ya ukindu. Weusi wa mbao ukaonekana kuwa ni pambo. Mwenye nyumba wetu hapa haruhusu mbao zipakwe rangi, na tukizigusa amana ya wenzetu itapotea. Lakini hata angeruhusu, tusingezigusa.

Mkeka je?

Wapo waliosema tusinunue zulia kabisa, tuagize mikeka kutoka nyumbani. Hoja yao ina uzito. Mkeka wa ukindu una mwanga wake wenyewe, na zile kili zilizotiwa rangi na kushonwa pamoja zinapendeza mno karibu na mbao za giza. Tatizo ni hali ya hewa ya huku. Chini ya sakafu za nyumba hizi kuna nafasi iliyoachwa ili hewa ipite na mbao zisioze. Hewa hiyo wakati wa baridi inapanda kwenye nyufa za mbao, na mkeka hauizuii. Isitoshe, joto kavu la radieta linayakausha majani hadi yanaanza kukatika.

Tulichokubaliana ni kwamba mkeka utandikwe juu ya zulia wakati wa kula. Unapokea wali uliodondoka na mchuzi uliomwagika, kisha unakung'utwa uani, unafutwa, unakunjwa na kuwekwa mbali na radieta. Zulia linabaki safi, na mkeka unafanya kazi iliyousukia.

Nyuzi na ufundi

Sufu ndiyo bora kwa sebule ya baridi. Inatunza joto, inainuka tena baada ya kukanyagwa, na haipokei doa upesi. Pamba ni nyepesi kufua lakini inachakaa haraka. Juti ina rangi nzuri karibu na mbao nyeusi, ila inakwaruza miguu ya wanaokaa chini, na maji yakimwagika inaacha alama. Nyuzi za plastiki ni rahisi na hazioni haya kusuguliwa, lakini nyingi hulala baada ya muda. Kwa watu wanaoketi chini, chagua nyuzi fupi. Zile ndefu zinazofunika vidole vya miguu zinameza makombo, na mashine ya kufyonza vumbi haiyafikii.

Ukiliona zulia limeitwa la kufumwa kwa mkono, ligeuze. Nakshi za upande wa chini zionekane wazi kama za juu, na matamvua yawe ni mwendelezo wa nyuzi zake, hayakushonewa baadaye. Kazi hiyo ina bei yake kwa haki. Zulia la Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, lina eneo la mita za mraba 4,343 na mafundo bilioni 1.7. Lilifumwa na wanawake wa Iran wapatao 600 kwa miaka minne. Kila fundo ni mkono wa mtu. Basi ukiambiwa zulia jipya la mkono linauzwa pauni 100, uliza maswali.

Aliye karibu na London aende jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kiingilio ni bure, akalitazame zulia la Ardabil. Lina tarehe inayolingana na mwaka 1539 au 1540, na urefu wake unapita mita 10. Jumba hilo lililinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, baada ya William Morris kulikagua na kushauri. Taa zake huwashwa dakika 10 tu kila nusu saa ili rangi zisififie. Sisi hatutaketi gizani kwa ajili ya zulia, lakini tunajifunza kuwa mwanga unakula rangi. Ligeuze upande kila baada ya miezi sita ili jua la dirishani lisikae mahali pamoja.

Tulichochagua

Yalibaki mawili. La kwanza jipya, la plastiki, la kijivu, pauni 140. La pili la mtumba, la sufu, lenye ardhi ya rangi ya maziwa na nakshi za nyekundu ya matofali, buluu na kahawia, pauni 85. Kijivu kiko kwenye kila nyumba ya kupanga siku hizi, na karibu na mbao za kahawia kwa mwanga wa Januari kinaonekana kama majivu. Kura 14 zilienda kwa la sufu, 8 kwa la kijivu. Kabla ya kulipa tulilikagua upande wa chini na pembeni kutafuta mayai na mabuu ya nondo, maana nondo hupenda sufu iliyokaa gizani. Lilikuwa safi.

Pauni 25 zilinunua tandiko la kuweka chini yake, ili lisiteleze na ili baridi ya sakafu isipande. Pauni 40 zilizobaki zilinunua taa ya kusimama yenye mwanga wa njano. Baadhi walilalamika kuwa pesa zilichangwa za zulia, si za taa. Jibu letu ni kwamba zulia zuri kwenye chumba cha giza halionekani.

Mambo mawili ya mwisho tumeyaacha wazi makusudi. Viti viwili vyenye mgongo vitabaki karibu na meko, kwa sababu wazazi wetu wakija kututembelea si wote wana magoti ya kukaa chini, na haifai mama wa mtu aanze kutafuta pa kushika. Na upande wa kusini-mashariki, unaoelekea kibla, hapatawekwa meza wala rafu, ili anayetaka kuswali atandike msala wake bila kumwomba mtu ahame.

Viatu vinaachwa mlangoni. Chai ikimwagika, bana kwa kitambaa kikavu kwanza, usisugue, kisha maji baridi kidogo. Mkutano wa kwanza kwenye zulia ni Alhamisi ijayo, saa 12 jioni, na walimu wetu wote wanakaribishwa. Atakayeleta mkeka wa pili tutamshukuru, maana mmoja hautoshi masinia mawili. Toleo lijalo tutajibu swali la mwanachama anayeuliza namna ya kupika chapati kwenye jiko la umeme bila kukiamsha king'ora cha moshi.