Vyombo vya Bei Nafuu na Mpiga Besi wa Kwaya



Katika majuma haya baada ya mavuno, ambapo ndoa na jubilei zafuatana kama mabehewa ya TAZARA, tumeulizwa swali moja na watu watatu kwa nyakati mbalimbali: na viongozi wa kwaya wanaokusanya mchango, na mzazi ambaye kijana wake anapiga gitaa la besi, na kijana mwenyewe. Swali ni hili: je, vyombo vya bei nafuu vilivyojaa leo katika maduka ya Mwanjelwa na Kariakoo vyamfaa mpiga besi anayefanya kazi kila juma, Jumamosi ukumbini na Jumapili kanisani, au ni fedha iliyotupwa? Huenda wengine wakashangaa kuona padre akijiingiza katika habari za spika. Lakini fedha inayozungumzwa ni ya mama anayeuza viazi hapa Ilomba, noti iliyokunjwa ndani ya bahasha, na chombo kinachozungumzwa ndicho kitakachomlisha kijana au kumtia madeni. Hatuoni kwa nini tunyamaze.

Jibu letu tulitoe mapema. Gitaa la bei nafuu, ndiyo. Amplifaya na spika za bei nafuu, mara nyingi hapana. Waya na plagi za bei nafuu, hapana kabisa.

Kuhusu gitaa, watu wengi wamezoea kulidharau lile la bei ndogo kana kwamba limezaliwa nje ya ukoo. Historia yasema vingine. Kabla ya mwaka 1951 besi ilikuwa hasa ile ala kubwa ya mbao, ndefu kuliko mpigaji, ngumu kusafirisha, na isiyosikika vizuri penye tarumbeta na ngoma. Ndipo Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye hata gitaa hakujua kulipiga, alipotoa gitaa la besi la umeme lenye kiwiliwili cha mbao isiyo na uwazi na shingo iliyofungwa kwa skrubu, ili ikiharibika ibadilishwe kama kipuri. Chombo hiki basi ni mtoto wa karakana tangu mwanzo. Kilibuniwa kitengenezwe kwa wingi na kirekebishwe kwa urahisi. Mwaka 1982 kampuni yenye jina la Fender ilianza yenyewe kuuza magitaa ya bei ya chini kwa jina la Squier, na leo viwanda vya Indonesia na China vyakata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, zisizochoka wala kutetemeka mkono. Upungufu wa gitaa la bei nafuu huwa katika vitu vidogo: vifungo vya kukazia nyuzi vinavyolegea, swichi zinazokwaruza, nyuzi zilizoinuliwa mno juu ya shingo. Hayo fundi mwenye sikio huyamaliza kwa siku moja.

Wala nyuzi mpya kila mwezi si sharti. James Jamerson, ambaye besi yake imebeba nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, anajulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi, na alipiga kwa kidole kimoja tu. Vijana wetu huchemsha nyuzi zilizofifia kwenye sufuria ili zitoe uchafu na kurudisha mlio. Ni desturi ya wapiga besi wengi duniani, mradi sufuria hiyo isirudi kupikiwa ugali.

Spika ndilo jambo gumu. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake la sauti lina urefu wa mita nane hivi. Lenye nyuzi tano hushuka hadi mara 31. Kuusukuma upepo wa namna hiyo hadi ufike kiti cha nyuma kwahitaji spika pana na nguvu ya kweli. Mpiga solo akiwa na wati 30 huweza kuwasumbua majirani; mpiga besi aliye kando ya ngoma huhitaji wati 200 au 300 ili tu asikike. Tena sikio la binadamu halihesabu kama duka linavyohesabu. Ili sauti ionekane imeongezeka maradufu, nguvu yapasa kuongezwa karibu mara kumi. Anayeacha amplifaya ya wati 50 akanunua ya wati 100 amelipa fedha nyingi kwa tofauti ambayo mzee aliyeketi benchi la tatu ataitambua kwa shida.

Hapo ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapomdanganya mnyonge. Twaona masanduku yaliyoandikwa wati elfu tatu, elfu tano, kwa tarakimu za dhahabu, na pembeni herufi PMPO. Hakuna kipimo rasmi kinachokubaliwa nyuma ya herufi hizo. Kila kiwanda huandika kinachokipendeza. Mnunuzi aulize RMS, yaani nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa mfululizo. Na kama muuzaji hajui, ageuze chombo asome kibandiko cha nyuma kinachotaja umeme unaotumika. Ikiwa kibandiko chasema wati 80, basi wati elfu tatu za mbele ni hadithi ya sungura, maana hakiwezi kutoa mfululizo kisichoingia.

Na sabufa? Katika nyumba nyingi za Mbeya sabufa ndiyo fahari ya sebule, na vijana kadhaa huchomeka gitaa humo, wakaridhika. Wanaridhika kwa sababu mbili. Sikio letu, likisikia sehemu za juu za mlio, hujijazia lenyewe ule mlio wa chini usiokuwapo. Na sabufa hupenda kuvuma mahali pamoja, hivyo kila noti huonekana nzito. Sebuleni hilo lapendeza. Kanisani ni balaa, kwa kuwa waimbaji huitegemea besi ili wajue ngazi ya wimbo, na besi inayovuma namna moja kwa noti zote haiwaelekezi popote. Tumezisikia sauti ya kwanza na ya nne zikiachana taratibu chini ya bati, kila upande ukiamini ndio wenye haki. Kisha kijana huongeza sauti. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake hukatakata mlio, na joto lake huunguza koili ya spika. Tumeshuhudia jambo hilo katika harusi moja: bibi harusi yu mlangoni, kwaya imeanza, besi ikatoa mkoromo, harufu ya kuungua, kimya. Kijana alikosa posho yake, na wiki hiyo hiyo alidaiwa spika.

(Papa Pius wa X mwaka 1903 alipiga marufuku hata piano kanisani, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ndio uliozifungulia mlango ala nyingine zinazofaa kwa ibada. Besi, ambayo wakati wa Papa Pius haikuwa hata na umeme, yapaswa kuitumia ruhusa hiyo kwa adabu.)

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuseme amplifaya mpya ya bei nafuu ni shilingi 350,000, nayo yadumu mwaka mmoja na kupelekwa kwa fundi mara mbili kwa shilingi 40,000 kila safari. Mwaka umekula 430,000. Tuseme nyingine, iliyokwisha kutumika lakini imeundwa kwa kazi, ni shilingi 1,000,000, yadumu miaka mitano na yahitaji 50,000 kila mwaka ya matunzo. Jumla ni 1,250,000, yaani 250,000 kwa mwaka. Aliyenunua rahisi amelipa zaidi, na harusi aliyoikosa bado hatujaihesabu. Lakini hesabu hii ina sharti: lazima pawepo fundi. Amplifaya nzito za zamani, zenye transfoma inayokunja mgongo, fundi wa Mwanjelwa huzifungua, akabadilisha transista, zikarudi kazini. Baadhi ya hizi mpya nyepesi, za bei kubwa na za bei ndogo vilevile, zina vipande vidogo kama punje za ulezi vilivyobandikwa juu ya bodi moja. Bodi ikifa, mara nyingi chombo chote kimekufa. Kabla hujalipa, muulize fundi wako kama atathubutu kukifungua.

Kijana alitujibu vizuri tulipomweleza hayo: “Baba Paroko, nisiponunua hiki cha bei nafuu, sina chochote.” Hoja yake ina uzito, na anayeipuuza hajui tulikotoka. Kwa miongo mingi mwanamuziki wa Tanzania hakuwa na chombo chake. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya DDC mwaka 1983. Majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mpigaji alilipwa ujira, na siku alipoondoka aliondoka na vidole vyake tu. Fedha za kigeni za kuagizia gitaa zilikuwa adimu, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Leo mtoto wa mkulima aweza kulibeba gitaa lake mwenyewe juu ya bodaboda. Hilo limeletwa na bei nafuu, nasi hatutalikejeli.

Ndiyo maana twapendekeza kugawana mzigo. Gitaa liwe la kijana, la bei anayoimudu, alitunze kama jembe lake. Amplifaya na spika ziwe za kwaya, zinunuliwe mara moja, kwa uangalifu, ikiwezekana zilizokwisha kutumika, na kijana azikodi kwa ada ndogo anapoitwa harusini, ikaandikwa daftarini mbele ya mhazini. Ada hiyo ndiyo itakayomlipa fundi. Na katika Kwaresima, ambapo ndoa hazifungwi na mifuko ya wapigaji hukauka, ada isidaiwe. Mpaka fedha hiyo itimie, kijana apitishe besi yake kwenye kisanduku kidogo cha DI, kisha moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa, kwa sauti ya kiasi. Hata Jamerson mara nyingi alirekodi kwa waya ulioingia moja kwa moja kwenye mikisa.

Limebaki lile tulilosema hapana kabisa. Mpiga besi hushika nyuzi za chuma kwa mikono yote miwili, mara nyingi mikono yenye jasho, huku midomo yake i karibu na kipaza sauti cha chuma. Volti 230 zikikosa njia ya kushuka ardhini, zitapita kwake. Mwaka 1972, kule Swansea, mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani mbele ya watu baada ya kugusa kipaza sauti kisicho na ethi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme lenye kasoro hiyo hiyo. Nasi tumeona kumbini, hasa zile zinazotumia jenereta, plagi zilizovunjwa mguu wa tatu ili ziingie kwenye soketi ya matundu mawili, na ekstensheni nyembamba kama kamba za viatu, zenye joto ukizigusa.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi fundi umeme atapima ethi ya soketi zote za upande wa kwaya, kabla ya mazoezi. Wapigaji wote walete waya na plagi wanazotumia, za kanisani na za harusini. Zisizo na mguu wa tatu zitabaki ofisini, na mpya zitalipiwa na parokia.