Barua ya Ufadhili si Kipimo cha Msomi

Upo mtazamo uliojikita katika kamati za kupandisha vyeo, kwamba msomi aliyevutia fedha nyingi ndiye aliyetafiti zaidi. Nchini Kenya mtazamo huu ulipata nguvu rasmi pale vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vilipoziweka fedha za utafiti miongoni mwa mambo ya kupimwa. Watetezi wake hudai kwamba fedha ni ushahidi wa ubora, kwani kila pendekezo huchujwa na wataalamu wa nje. Hoja hii haistahimili yaliyotukia mwaka 2025.

Tarehe 20 Januari mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai 1, USAID ilikuwa imekoma. Mwezi Aprili, wakfu wa NEH, unaofadhili taaluma za lugha, fasihi na historia nchini humo, ulifuta ruzuku zaidi ya 1,000 zilizokwisha kupitishwa na wachujaji wale wale wanaosifiwa. Hakuna mtafiti aliyepungukiwa na akili kwa usiku mmoja. Kilichogeuka ni siasa ya mwenye mfuko. Je, kamati itakayoliona pengo hilo katika wasifu wa mwombaji italisoma kuwa uzembe?

Mhariri wa tendi za Pate au Lamu, anayelinganisha miswada ya hati ya Kiarabu ubeti kwa ubeti, huhitaji nauli, malazi na miaka. Kazi yake haikuvuta mamilioni hata wakati wa neema. Isitoshe, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliahidi asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na ahadi hiyo haijatimizwa. Kumwuliza mhadhiri mbona hakuleta fedha ni kumtuma kisimani na kumnyima ndoo.

Wapo watakaopendekeza aongezewe muda, kama vyuo vingi vya Marekani vilivyofanya mwaka 2020. Lakini cheo kinachocheleweshwa ni mshahara na pensheni vilivyopotea. Tena, utafiti wa Antecol, Bedard na Stearns wa mwaka 2018, kuhusu idara za uchumi za Marekani, ulionyesha kwamba kuwaongezea muda wazazi wote kwa usawa kuliwafaidi wanaume na kuwapunguzia wanawake nafasi ya ajira ya kudumu katika vyuo walikoanzia. Muda peke yake, basi, si haki.

Kinachodaiwa ni kamati kuisoma kazi yenyewe: makala, tahakiki, matini zilizohaririwa, wanafunzi waliohitimu. Ruzuku iliyofutwa iandikwe kwenye faili kuwa ilishindaniwa ikapatikana, na aliyeifuta atajwe. Kigezo cha fedha kiondolewe kwa miaka iliyoathirika. Na mtathmini wa nje aelezwe hayo kwa maandishi kabla hajatumiwa wasifu.