Jaji Aliyeondoka Saa ya Kuamua

Wengi humsifu David Davis, wakili wa Illinois aliyeteuliwa na Abraham Lincoln kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1862. Katika kesi ya Milligan, mwaka 1866, aliandika kwamba raia hawezi kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi pale mahakama za kiraia zinapofanya kazi, hata taifa likiwa vitani. Msomaji wa Uganda hahitaji kuelezwa uzito wa hukumu hiyo. Tena mahakama hizo zilikuwa za serikali ya Lincoln, rafiki yake mwenyewe.

Mimi namdai jambo jingine. Uchaguzi wa urais wa 1876 ulipozusha mgogoro, Bunge liliunda tume ya watu 15. Vyama viwili vilitoshana nguvu humo. Aliyetazamiwa kuwa mtu wa kati ni Davis. Mara bunge la Illinois likamchagua kuwa seneta, naye akakataa kuingia katika tume. Joseph Bradley akachukua nafasi yake, na majimbo yaliyobishaniwa akapewa Hayes kwa kura 8 dhidi ya 7.

Utasema seneta mteule hakufaa tena kuamua. Sikubali: useneta angeweza kuukataa. Badala yake alijiuzulu ujaji Machi 1877. Wiki chache baadaye, Hayes aliwaondoa askari waliolinda serikali za Louisiana na South Carolina, na Wamarekani weusi wa huko wakabaki bila mtetezi.