Taita Nayo ni Pwani

Hapa Satellite, magharibi ya Nairobi, sisi watu wa Pwani tukikutana baada ya swala ya Ijumaa huulizana makwetu: Lamu, Malindi, Kwale, Mvita. Akitokea mtu wa Taita, hakosi wa kumwambia, "Ah, wewe ni wa bara." Neno hilo mimi silikubali.

Taita Taveta ni moja katika kaunti 6 za Pwani, na kabla ya hapo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Pwani. Ni nchi ya milima iliyochomoza katikati ya nyika kavu: Dawida, Sagalla na Kasigau. Kilele cha Vuria kimepita mita 2,200, na baridi yake, wallahi, humfanya mtu wa Mombasa aulizie blanketi mchana. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa kwenda Kilimanjaro ilipita huko, ikapumzika Taveta na kununua chakula.

Lakini hasa ni habari ya Kasigau. Mwaka 1915, Waingereza wakipigana na Wajerumani, waliwashuku watu wa mlima huo kuwa wamewasaidia maadui, wakawahamisha wote hadi Malindi. Wengi walikufa huko, na waliosalia hawakurudishwa mlimani ila katika miaka ya 1930. Waliozaliwa katika muda huo, kwao ni wapi kama si Malindi?

Tena kuna maji. Chemchemi ya Mzima imo katika kaunti hiyo, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba la zaidi ya kilomita 200 huyateremsha maji yake hadi Mombasa. Anayetawadha Kibokoni alfajiri huenda anatawadha kwa maji ya Taita. Ilhali wenyewe, ambao zaidi ya nusu ya nchi yao imo ndani ya Tsavo tangu 1948, wengi hungojea mvua, na mahindi yakistawi huja ndovu wakayala. Viongozi wao wamedai mara nyingi wapewe fungu katika mapato ya maji na ya mbuga. Dai hilo ni la haki, na lingekuwa na uzito zaidi lau Mombasa ingelisema pamoja nao. Najua kuna watakaosema bili ya maji itapanda. Basi na ipande kidogo.