Tusiitupe Asili ya Picha Zetu

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na magofu ya kale. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolieleza Bunge kwamba ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wito wake ulikuwa kuyatafuta yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote na kuyafanya kuwa mali ya taifa zima. Kazi hiyo imeendelea, na matunda yake tunayaona. Lakini kuna mali moja iliyojificha majumbani mwetu ambayo bado haijahesabiwa. Nayo ni negativu za picha za zamani.

Zimo katika makopo ya biskuti, katika bahasha za studio, na chini ya nguo katika masanduku ya bibi zetu. Ndani yake mna harusi na maziko, timu za mpira, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, wazee waliokuwa wakijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima. Picha za karatasi zilizosafishwa kutoka humo nyingi zimepotea: moja ilipelekwa kwa shangazi, nyingine ililiwa na mchwa ukutani. Negativu ndizo zilizobaki. Nazo ndizo asili hasa, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ndani ya kamera siku ile, zikaipokea nuru iliyotoka usoni pa mtu mwenyewe. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, hatuoni kwamba neno hilo latuhusu hapa pia?

Wako wanaosema kwamba vitu hivi ni takataka, kwa kuwa kamera za filamu zimekwisha na wa kusafisha picha hapatikani kwa urahisi. Hoja hiyo ni dhaifu. Leo mtu hahitaji chumba cha giza ili aione picha iliyomo ndani ya negativu. Aweza kuigeuza kuwa picha ya kidijitali juu ya meza yake ya chakula. Tena hakuna wakati wa kupoteza. Filamu nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa katika joto na unyevunyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki, kisha hukunjamana. Kuoza huko kukianza hakurudi nyuma, na siki ya filamu moja huziambukiza jirani zake. Pwani yetu ina joto na unyevunyevu mwaka mzima. Kila masika inayopita inachukua sehemu yake.

Wako wengine, na hawa ndio wengi, wanaosema: tusubiri wataalamu. Sisi tunawauliza: wataalamu wangapi, na kwa nyumba ngapi? Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka msingi mzuri, lakini kazi yake ya kwanza ni kumbukumbu za umma. Haikuandikwa ili mtumishi wa serikali apite akifungua kasha la kila familia. Kungojea huko ni kasumba ya kudhani kwamba kila jambo la maana lazima lifanywe na mtu mwingine. Kujitegemea kunaanzia nyumbani.

Na kazi yenyewe si ngumu. Negativu ishikwe kwenye kingo, kwa mikono safi na mikavu, na vumbi lipulizwe kwa kipira cha hewa, lisifutwe kwa kanga. Upande usiong'aa ndio wenye dawa, kwa hiyo usiguswe. Patafutwe nuru nyeupe iliyo sawa pande zote. Hata kioo cha simu kilichowekwa rangi nyeupe chafaa, mradi negativu iinuliwe vidole viwili au vitatu juu yake, ili vitone vya kioo visionekane. Karatasi ngumu nyeusi iliyokatwa dirisha huibana negativu na kuzuia nuru ya pembeni. Kamera, au simu ya pili, isimamishwe juu yake bila kuinama upande wowote, taa za chumbani zizimwe, na picha ipigwe kwa kutumia saa ya kamera ili mkono usiitikise. Kisha programu, na zipo za bure kama GIMP na darktable, huugeuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi. Negativu za rangi zina utando wa rangi ya chungwa, na huo nao uondolewe humo humo.

Mwenye uwezo wa skana atumie skana, ila aichague vizuri. Ile ya kawaida ya ofisini haifai, kwa sababu hupokea nuru inayorudi kutoka kwenye karatasi, na negativu hutaka nuru ipite ndani yake. Inatakiwa yenye taa katika kifuniko. Kipande cha mkanda wa milimita 35, chenye ukubwa wa milimita 24 kwa 36, kikisomwa kwa nukta 2,400 kwa inchi hutoa picha ya nukta zaidi ya milioni 7. Tahadhari moja haina budi kutolewa: filamu za kabla ya miaka ya 1950 huenda ni za naitreti, ambayo hushika moto upesi. Hizo ziwekwe mbali na joto, na mwenye nazo atake shauri la wahifadhi nyaraka.

Lakini picha isiyo na jina ni yatima. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga maelfu ya picha za watu wa mji wake. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa New York kama kazi ya mpiga picha asiyejulikana, ilhali mwenyewe yu hai kwao Bamako, na negativu zake anazo. Ilipofika mwaka 1994 ndipo zilipoonyeshwa Paris kwa jina lake. Ikiwa bwana wa fani aliweza kuitwa asiyejulikana, watakuwaje babu zetu? Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo kila picha inayogeuzwa iandikiwe: ni nani, wapi, mwaka gani, nani aliyepiga. Tuwaulize wazee leo, maana wanaowatambua wale waliosimama safu ya nyuma wanapungua.

Tunapinga pia mambo mawili yanayofanywa na watu wenye nia njema. La kwanza ni kuipamba picha kwa mashine mpaka bibi awe na ngozi nyeupe na kanga ya rangi asiyoivaa kamwe. Huo si uhifadhi, ni uzushi. La pili ni kuitupa negativu baada ya kupata nakala. Simu huibwa, kompyuta hufa, lakini negativu iliyotunzwa pakavu na penye ubaridi huweza kugeuzwa tena kwa chombo bora kitakachokuja. Nakala ziwe tatu, mahali mbalimbali, na asili ibaki palepale.

Wananchi wenzetu, historia ya taifa hili haikuandikwa na viongozi peke yao. Iliandikwa pia kwa nuru, juu ya vipande vidogo vya filamu, na watu ambao majina yao hayamo vitabuni. Mwenye kasha na alifungue, kabla siki haijamtangulia.