Kikoi Chetu na Wakili wa Kuazima

Asubuhi moja nilisimama kwenye gati la Shimoni nikingoja mashua ya kwenda Wasini. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikunja wavu alikuwa amejifunga kikoi. Hatua chache kutoka hapo, vikoi vingine vilitundikwa vikingoja watalii. Mwanafunzi niliyeandamana naye akaniuliza, "Mwalimu, je, mtu aweza kulimiliki jina la kikoi?"

Swali hilo si la kitoto. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza, The Kikoy Company, iliomba neno "Kikoy" lisajiliwe nchini humo kuwa alama yake ya biashara. Lau ombi hilo lingekubaliwa, Mkenya apelekaye vikoi Uingereza angehitaji ruhusa ya mgeni ili aliuze vazi la babu yake kwa jina lake. Shirika la Traidcraft la huko huko Uingereza, likisaidiwa na mawakili, lilipinga, na mwaka 2008 ombi likaondolewa. Tukashangilia.

Lakini ushindi ule ulikuwa wa nani? Tulitetewa na wenye huruma, na wenye huruma nao hufilisika. Mwezi Januari 2023, kampuni ya biashara iliyobeba jina la Traidcraft ilifunga shughuli zake. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Wakili wa kuazima naye ni vivyo hivyo.

Yafaa ieleweke kwamba alama ya biashara hulinda jina, ilhali hataza hulinda uvumbuzi. Hataza humpa mvumbuzi haki ya pekee kwa miaka 20, na haina nguvu ila katika nchi ilikotolewa. Kwetu sisi historia yake ni ya unyonge: kabla ya sheria ya mwaka 1989, aliyetaka ulinzi huo Kenya alilazimika kwanza kupata hataza ya Uingereza. Sheria hiyo, na ile ya mwaka 2001 iliyochukua mahali pake, zilitupa mlango wetu wenyewe pamoja na baraza la kuamua migogoro. Hata hivyo, mlango usiobishwa haufunguki.

Tazama yaliyotokea Ziwa Bogoria. Mwaka 1992 watafiti wa kigeni walichukua vijidudu viishivyo katika chemchemi zake za moto. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia katika viwanda vya ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza kudai fungu la Kenya, na mwaka 2007 kampuni ya Novozymes ya Denmark ikatia saini mkataba na shirika hilo wa kugawana manufaa. Aliyedai alisikilizwa, ingawa miaka mingi ilikuwa imekwisha kupita.

KWS hiyo hiyo ndiyo inayosimamia hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, mkabala na Shimoni. Katika kijiji jirani cha Kibuyuni, akina mama hulima mwani na kutengeneza sabuni kwa mwani huo. Wavuvi wetu nao wanajua miamba, mikondo na dawa za miti kuliko kitabu chochote. Je, siku mgeni atakapoipeleka elimu hiyo katika ofisi ya hataza ya ng'ambo, tutamwonyesha hati gani kuthibitisha kwamba ilikuwako kabla yake?

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezitwika serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la maarifa hayo. Basi wakazi wa Kwale wana haki ya kuuliza: daftari letu li wapi, na nani anaandika ndani yake?

Hapa ndipo nawageukia walimu na wanafunzi. Wazee wanaoyajua haya hawatungojei. Wanafunzi waende kwao na madaftari, waandike kwa idhini yao, wala wasiyatangaze ovyo yale ambayo jamii imeyaweka siri. Na miongoni mwa vijana wetu wanaosomea sheria, wachache waichague njia hii isiyo na fahari, wawe mawakili wa hataza na alama.

Nilimjibu yule mwanafunzi kwamba jina laweza kumilikiwa na yeyote atakayewahi kuliandikisha, ikiwa wenyewe watanyamaza. Alitazama kile kikoi cha mvuvi, kisha akasema, "Basi tusinyamaze."