Ufundi wa Nyumbani: Magurudumu Hutangulia Uzito

Msukuma mkokoteni wa Buyenzi hahitaji kitabu kumfundisha mizani. Shehena ikizidi upande wa pili wa ekseli, mishikio humwinua; ikizidi upande wake, humlemea mikono. Kanuni hiyo hiyo humkabili fundi aundaye ndege ndogo kwa mikono yake, yenye magurudumu makuu mawili mbele na kigurudumu kimoja mkiani. Magurudumu makuu yakae wapi?

Yakae mbele ya kitovu cha uzito, lakini si mbele mno. Yakikaribiana mno na kitovu hicho, breki zikikazwa ghafla mkia huinuka na pua hugonga ardhi. Matope nayo hukaza kuliko breki, hata kwa ndege iliyoundwa vema. Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, alivuka Atlantiki peke yake mwezi Septemba 1936. Injini ilipomzimikia pwani ya Kanada, alitua kinamasini. Magurudumu yakazama, ndege ikasimama kwa pua. Alipona.

Yakiwa mbele mno, balaa ni nyingine. Mkia huwa mzito, huchelewa kuinuka wakati wa kuruka. Nasi wa Bujumbura, tukaao zaidi ya mita 770 juu ya bahari, penye joto na hewa nyepesi, tayari twahitaji mbio ndefu. Tena ndege ikipinda wakati wa kutua, mkia mzito hutaka kuipita pua, ikazunguka kama pia.

Basi fundi afunge magurudumu kwa muda tu, asichomelee. Ainue mkia hadi ndege ikae kama irukavyo. Apime uzito kwenye kila gurudumu, rubani akiwa kitini, akokotoe mahali pa kitovu, kisha ashushe timazi. Mstari utokao kitovuni hadi tairi ligusapo ardhi uwe nyuzi 16 hadi 25 mbele ya timazi. Kitovu kikiwa mita moja juu ya ardhi, hizo ni kama sentimita 29 hadi 47. Arudie tangi likiwa tupu na likiwa limejaa, kwa maana kitovu huhama.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Vipimo hivyo aviandike daftarini, amwonyeshe mkaguzi wa ndege kabla ya kuchomelea.